Bwana Nansen na Kipande cha Mkimbizi

Sisi wa Turkana tunajua thamani ya karatasi. Mwenzetu wa kambini akitaka kutoka Kakuma kuja Lodwar bila kibali cha kusafiri, hafiki mbali. Sasa jiulize: mtu aliyekanwa na serikali yake, nani atamwandikia kipande? Aliyelipatia swali hilo jibu ni Fridtjof Nansen.

Alizaliwa Norwe mwaka 1861. Hakuwa mtu wa sheria hata kidogo. Alisomea wanyama, akapenda barafu kama sisi tunavyopenda kivuli. Mwaka 1888 aliivuka Greenland na wenzake watano, wakiteleza kwa mbao ndefu miguuni. Mwaka 1895 alijaribu kufika Ncha ya Kaskazini, akashindwa, akakaa majira yote ya baridi na mwenzake mmoja katika kibanda cha mawe, wakila nyama ya dubu. Jina likavuma.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Shirikisho la Mataifa lilimpa kazi ya kurudisha makwao mateka wa vita zaidi ya 400,000. Mwaka 1921 akawa Kamishna Mkuu wa Wakimbizi. Mwaka huohuo serikali mpya ya Urusi iliwavua uraia raia wake waliokimbilia nje. Basi hapo ndipo palipokuwa na taabu! Kuvuka mpaka kulitaka pasipoti, na pasipoti hutolewa na dola. Asiye na dola alikuwa kama hayupo.

Nansen hakuwa na askari wala ardhi ya kuwagawia. Aliziita serikali Geneva, Julai 1922, zikakubaliana kuwapa wakimbizi hao cheti ambacho nchi nyingine zingekitambua. Sheria ya kimataifa ndivyo ilivyo: haina chifu wa kuilazimisha, huanza kwa makubaliano. Nchi zaidi ya 50 zilikubali, na mwaka 1924 Waarmenia wakaongezwa. Lakini cheti kile cha kwanza hakikumhakikishia mtu kurudi katika nchi iliyompa. Ukitoka, umetoka.

Mimi simsifu kwa kila jambo. Alipendekeza Ugiriki na Uturuki wabadilishane watu, na mkataba wa 1923 ukahamisha zaidi ya milioni moja kwa kufuata dini zao, bila hiari yao. Tuzo ya Nobeli ya 1922, hata hivyo, alistahili, na fedha zake alizitoa kwa wenye shida.

Alifariki Mei 1930. Mkataba wa 1933 ulikataza kumrudisha mkimbizi kwenye hatari, na kanuni hiyo ikaingia katika Mkataba wa 1951, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1966. Mwaka 1992 vijana kutoka Sudan waliingia Lokichoggio kwa miguu, wengi bila karatasi yoyote. Hawakurudishwa, walipelekwa Kakuma.