AHMAD BIN IBRAHIM MBELE YA KABAKA SUNA

 

Ahmad bin Ibrahim alikuwa mfanyi biashara katika Waarabu waliotoka pwani kwenda bara kutafuta pembe. Njia yao ilipita Unyanyembe, ikapanda kaskazini mpaka Karagwe. Atazamaye kutoka visiwa vya Ziwa Nyanza, kama Goziba, huona kwanza pwani ya Muleba na Bukoba. Karagwe iko nyuma yake, upande wa machweo. Kutoka huko Ahmad akaingia Buganda mwaka 1844, naye ni katika Waislamu wa kwanza wanaojulikana kufika nchi hiyo.

Mfalme wa Buganda wakati ule alikuwa Kabaka Suna wa Pili. Watu waliuawa kwa amri yake, pengine wengi kwa siku moja, na barazani hapana aliyefungua kinywa. Siku moja amri hiyo ilitolewa Ahmad akiwapo, akasimama. Alikuwa mgeni, hana jeshi wala jamaa, na roho yake na mali yake vimo mkononi mwa yule anayetaka kumkataza.

Tazama basi alivyoyapanga maneno. Husimuliwa kuwa alimwambia Suna ya kwamba watu wale wameumbwa na Mwenyezi Mungu, na ufalme alio nao amepewa na Mungu huyo huyo; kwa hiyo ni dhambi kuwaangamiza viumbe vyake. Hakuna tusi katika maneno hayo. Aliwatetea waliokwisha kuhukumiwa, na papo hapo akamwachia mfalme heshima yake, kwani aliyeambiwa kuwa amepewa amana hawi kama aliyeitwa dhalimu mbele ya watu wake.

Suna akajibu kuwa ufalme wake umetoka kwa balubaale, mizimu ya nchi yake, wala hamjui mungu mwingine. Masimulizi hayataji kuwa Ahmad aliicheka mizimu ile. Alirudia maneno yake kwa utulivu, na siku nyingine Suna mwenyewe akawa muulizaji: yuko wapi huyo aliye mkubwa kuliko yeye, na vipi waliokufa watafufuliwa? Ahmad akamjibu, akamsomea Kurani. Mtu aliyezoea kuamrisha tu akakaa kusikiliza, na hilo si jambo dogo.

Lakini Suna hakusilimu, wala kuua hakukukoma. Alikufa mwaka 1856. Mwanawe Mutesa alifunga Ramadhani miaka mingi, kisha mwaka 1876 akawaua vijana Waislamu waliokataa kula nyama aliyoichinja asiyetahiriwa.

Ahmad naye hakuwa malaika. Mwaka huo huo wa 1876 msafiri Stanley alimkuta Kafuro, katika Karagwe, amestakiri hapo, ana ng'ombe, pembe na watumwa wengi.