Joseph Black na Joto Lisiloonekana

Mwanafunzi wa kemia hujikwaa mara nyingi katika hesabu za joto kwa kudhani kuwa joto na halijoto ni kitu kimoja. Aliyebainisha tofauti hiyo ni mwanachuoni Joseph Black, aliyezaliwa Bordeaux, Ufaransa, mwaka 1728, akasomea utabibu Glasgow na Edinburgh.

Mwanzoni mwa miaka ya 1760, akisomesha Glasgow, aliweka ukumbini chupa mbili: moja ya maji yaliyokaribia kuganda, nyingine ya barafu yenye uzito ule ule. Maji yalipanda digrii 7 za Fahrenheit kwa nusu saa. Barafu ilihitaji saa 10 na nusu kufikia kiwango hicho. Je, joto lile lote lilikwenda wapi? Akatambua kuwa liliyeyusha barafu bila ya kukipandisha kipimajoto. Ndilo joto fiche.

Kwa hiyo hesabu ina hatua mbili: gramu 1 ya barafu huhitaji jouli 334 ili iyeyuke tu, kisha jouli 4.18 kwa kila digrii 1 ya Selsiasi. Anayeiruka hatua ya kwanza hukosea jibu zima.

Black hakuichapisha elimu hiyo, bali aliisomesha darasani. Alifariki mwaka 1799, na rafiki yake John Robison akaichapisha mihadhara yake mwaka 1803. Nasi tunawausia vijana wetu wasikate tamaa: juhudi nayo huingia kimya kimya kabla kipimo hakijapanda.