Dakta Richard Kandt na Ziwa Letu la Kivu

Mara nyingi tunasoma habari za watu mashuhuri waliofanya kazi zao katika nchi za mbali. Leo nataka kuwasimulia habari za mtu aliyefanya kazi yake katika maji haya haya tunayoyaona tukisimama ufukweni hapa Gisenyi. Mtu huyo ni Dakta Richard Kandt. Jina lake hutajwa zaidi Kigali, kwa kuwa yeye ndiye aliyeuanzisha mji huo, na huko iko nyumba ya makumbusho iitwayo kwa jina lake. Lakini mimi, niliyejifunza kupiga kafi kabla ya kujifunza kuandika, humkumbuka kwa mito na kwa ziwa.

Kandt alizaliwa tarehe 17 Desemba 1867 katika mji wa Posen, ambao siku zile ulitawaliwa na Wajerumani, na siku hizi ni Poznań katika nchi ya Poland. Alisomea udaktari, akawa tabibu wa wagonjwa wa akili. Kazi ilikuwa ya heshima, lakini moyo wake ulishikwa na swali la kale sana: mto Nile unaanzia wapi?

Wakati huo ilikwisha julikana kwamba Nile unatoka katika Ziwa Victoria, na kwamba mto mkubwa kupita yote unaoingia ziwani humo ni Akagera. Lakini Akagera nao hupokea mito mingine. Mwaka wa 1892 Oscar Baumann, mtu wa Austria, alikwenda Burundi akasema kwamba chanzo ni mto Ruvubu. Kandt hakuridhika. Aliacha hospitali akaja Afrika ya Mashariki mwaka wa 1897, akafunga safari na wapagazi, na lugha ya msafara ilikuwa Kiswahili.

Katika mwezi wa Juni 1898 alifika Mukingo, mahali alipokuwa Mwami Yuhi Musinga. Mwami alikuwa bado kijana mdogo, na wakuu wake hawakumwamini mgeni. Basi wakamwonyesha mtu mwingine, jina lake Mpamarugamba, akae mahali pa mfalme. Kandt akaenda zake akidhani amemwona Mwami, na baadaye sana ndipo alipojua ukweli. Hivyo mtu aliyekuja kupima mito alikuwa amepimwa yeye kwanza.

Kazi ya mito ilitaka subira. Kila mito miwili inapokutana, mwenye kutafuta chanzo lazima aulize, upi ni mkubwa? Macho hayatoshi kujibu, maana mto mpana huweza kuwa na maji machache, na mto mwembamba ukawa na kina kirefu. Inapasa kupima upana, kina, na mwendo wa maji. Ukizidisha vitatu hivyo, unapata kiasi cha maji kinachopita kwa sekunde moja. Enyi wanafunzi mnaolalamika kwamba hesabu haina faida, tazameni hapo! Kandt alipopima aliona kwamba Nyabarongo unaushinda Ruvubu. Akaufuata juu, kijito baada ya kijito, mpaka mwezi wa Agosti 1898 akafika katika msitu wa Nyungwe, mahali ambapo mto Rukarara ni maji yanayotiririka tu kutoka ardhini. Hapo akasema amefika mwisho. Ubishi haukuisha, kwani mwaka wa 1937 Mjerumani mwingine, Burkhart Waldecker, alionyesha chemchemi ya kusini zaidi katika Burundi. Hata hivyo, wasafiri walioupanda Nile wote mwaka wa 2006 walimaliza safari yao Nyungwe, katika maji ya Rukarara.

Baada ya hapo alikuja Kivu. Mzungu wa kwanza kulifikia ziwa hili alikuwa Graf von Götzen, mwaka wa 1894, lakini yeye alikuwa mpita njia. Kandt alikaa. Alijenga nyumba Shangi, upande wa kusini, akaipa jina la Kijerumani lenye maana ya amani ya mlimani, na tangu mwaka wa 1899 mpaka 1901 alifanya kazi ya kulichunguza ziwa na kulichora.

Anayedhani kazi hiyo ni rahisi, na achukue mtumbwi pale Rubona, afuate ukingo kwenda kusini. Nimefanya hivyo mara nyingi. Unaona rasi mbele, unasema huo ndio mwisho. Ukiizunguka, ghuba nyingine inafunguka, na ndani ya ghuba kuna kisiwa. Ukingo wa Kivu ni kama meno ya msumeno. Ukisimama juu ya kilima huwezi kuuchora. Sharti uufuate mwenyewe, kwa miguu na kwa kafi. Jambo jema ni kwamba hatuna mamba wala kiboko. Hatari yetu ni upepo wa alasiri, na kina kinachofika mita 485. Mtumbwi uliochongwa katika gogo moja hauna msamaha kwa mtu anayesimama ovyo.

Maisha ya wavuvi siku zile hayakuwa kama ya leo. Usiku tunaona taa za mitumbwi iliyofungwa mitatu mitatu kwa miti mirefu, na tunasikia wavuvi wakiimba. Wanavua sambaza. Kandt hakumwona samaki huyo hapa hata mmoja, kwa sababu aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika karibu na mwaka wa 1959.

Sasa nifike kwenye jambo linalonigusa zaidi. Ramani ya ziwa ina jina la Kandt, na kima wa dhahabu wa milima ya Virunga ana jina lake katika vitabu vya wataalamu. Lakini wapiga kafi waliojua kila jiwe na kila upepo hawana jina popote. Tena ramani si karatasi tupu. Mwaka wa 1910 wakubwa wa Ulaya walikutana Brussels wakachora mpaka juu ya maji. Kisiwa cha Ijwi, ambacho Mwami Rwabugiri alikiteka kwa vita vya mitumbwi, kikawa upande wa Kongo. Mvuvi aliyekwenda kumtazama shemeji yake ng'ambo akaambiwa kwamba amekwenda nchi ya kigeni.

Kandt mwenyewe alikuwa amekwisha kuwa mtumishi wa utawala huo. Mwaka wa 1907 aliwekwa kuwa Rezidenti, yaani mwakilishi wa serikali ya Kijerumani katika Rwanda, na ndipo alipojenga Kigali. Vita Kuu ilimkuta Ulaya, akatumika jeshini kama daktari. Alikufa katika hospitali ya Nuremberg tarehe 29 Aprili 1918, mwenye umri wa miaka 50, bila kuliona ziwa tena.

Ndugu zangu, tusimsifu kupita kiasi, wala tusimnyime haki yake. Alikuwa mtu wa kupima kabla ya kusema, na sifa hiyo inatufaa sote. Lakini mtumbwi hauendi kwa aliyekaa katikati akiandika. Siku mtakapoandika ninyi habari za ziwa hili, andikeni pia majina ya wenye makafi.