Amani ya Moyo wa Mtakatifu Fransisko wa Sales

Kila mwaka, tarehe 24 Januari, Kanisa humkumbuka Mtakatifu Fransisko wa Sales, Askofu na Mwalimu wa Kanisa. Wengi humsifu kwa upole wake. Lakini si wengi wajuao ya kuwa yeye aliyewatuliza watu wengi aliwahi kuuonja uchungu wa kukata tamaa.

Alizaliwa mwaka 1567 katika nchi ya Savoy, ambayo siku hizi ni sehemu ya Ufaransa. Baba yake, mtu wa ukoo bora, alitaka mwanawe awe mwanasheria mwenye cheo, akampeleka Paris kusoma katika chuo cha Mapadre Wayesuiti. Siku zile wanachuoni walibishana sana kama Mungu, ajuaye yote tangu milele, amekwisha kuwachagua watakaookoka na watakaopotea. Mwishoni mwa mwaka 1586, Fransisko akiwa na umri wa miaka 19, hofu ikamshika: huenda yeye ni miongoni mwa waliotupwa. Kwa muda wa majuma sita hivi chakula hakikumpendeza wala usingizi haukumjia. Mwili ukadhoofu, na sala zenyewe zikawa kavu kinywani mwake.

Januari 1587 akaingia katika kanisa la Saint-Étienne-des-Grès, akapiga magoti mbele ya sanamu ya Bikira Maria. Hapo akaacha kushindana na swali lililomshinda. Akajitoa kwa Mungu: hata kama hatajaliwa kumpenda katika uzima wa milele, walau atampenda kwa moyo wote siku zote za maisha yake hapa duniani. Akamwomba Mama wa Mungu amwombee. Alipoinuka, hofu ilikuwa imemtoka, kama mtu aliyetuliwa mzigo mzito.

Tuangalie vema jambo hili. Fransisko hakupewa habari ya mambo yajayo. Alilopewa ni tumaini, nalo lilimjia alipoacha kujitazama mwenyewe akamtazama Mungu. Tangu siku ile alimjua Mungu kuwa Baba atakaye watu wote waokoke.

Amani hiyo ilijaribiwa. Alipewa upadre mwaka 1593, na mwaka uliofuata akaenda Chablais, ambako watu walikuwa wameacha imani ya Kikatoliki. Walikataa kumsikiliza, naye akaandika karatasi za mafundisho na kuzipenyeza chini ya milango yao. Kwa ajili hiyo Baba Mtakatifu Pio XI alimweka mwaka 1923 awe msimamizi wa waandishi Wakatoliki. Mwaka 1602 akawa Askofu wa Geneva, ingawa ilimbidi akae Annecy, maana mji wake ulikuwa mikononi mwa wafuasi wa Calvin. Hakuwa na uchungu. Aliandika, akahubiri, akasikiliza maungamo, hata alipofariki Lyon tarehe 28 Desemba 1622.

Wasomaji wapenzi, katika nyumba zetu wako wanaolala macho usiku, wakihofu dhambi za zamani ambazo wamekwisha kuziungama. Wasidhani ya kuwa hofu hiyo ni alama ya kutupwa na Mungu. Mtakatifu huyu aliipitia. Nao wafanye alivyofanya yeye: wampende Mungu leo, na ya kesho wamwachie Yeye.