Carl Linnaeus, Mwalimu wa Majani

Likizo iliyopita nyanya alinituma shambani nichume mnavu. Pembeni niliona mche mwingine wenye majani mapana, laini, nikasema hiyo pia ni mboga. Nikajaza kikapu. Nyanya alipoyanusa tu akayamwaga yote. Kumbe ulikuwa mnanaha, mmea wenye sumu kali! Ningewaua watu wa nyumbani, hivi hivi.

Niliporudi shule nilimweleza mwalimu wa bayolojia, naye akanipa kitabu cha maisha ya Carl Linnaeus.

Bwana huyu alizaliwa tarehe 23 Mei 1707 katika kijiji cha Råshult, nchini Uswidi. Baba yake alikuwa kasisi mpenda bustani, na mtoto akakua akijifunza majina ya mimea. Walimu wake waliona hafai kuwa kasisi. Baba alivunjika moyo, lakini daktari mmoja, Johan Rothman, akamchukua kijana na kumfundisha udaktari na elimu ya mimea. Mwaka 1735 Linnaeus alipata shahada ya udaktari huko Uholanzi, na mwaka 1741 akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Uppsala.

Zamani hizo jina la mmea mmoja vitabuni liliweza kuwa sentensi nzima. Mwaka 1753 Linnaeus alitoa kitabu chake, Species Plantarum, chenye aina karibu 6,000, kila moja na jina la maneno mawili tu. Mnanaha wetu umo: Datura stramonium.

Makundi aliyapanga kwa kuhesabu stameni za ua. Sasa sikiliza ajabu: mnavu na mnanaha yote ina stameni tano, basi aliiweka kundi moja! Ndiyo maana, ili kutenganisha aina na aina, aliyatazama sana majani. Nami nilirudi kuyatazama. Jani la mnanaha lina meno makubwa yasiyolingana, na ukilifikicha linanuka vibaya. Tunda lake lina miiba, ilhali la mnavu ni dogo, la mviringo, lisilo na miiba.

Linnaeus alifariki tarehe 10 Januari 1778, akazikwa katika kanisa kuu la Uppsala.

Wenzangu, haraka haraka haina baraka. Jani usilolijua, usilitie chunguni. Muulize nyanya kwanza.