Hatchett: Mgunduzi wa niobiamu aliyenyimwa sifa hadi kaburini

WAHANDISI wanaobuni vinu vya nyuklia vya kuendesha vyombo vya angani wamewahi kutumia niobiamu, metali inayostahimili joto la zaidi ya nyuzi 2,400 za Selsiasi kabla ya kuyeyuka.

Hata hivyo, aliyeigundua, Mwingereza Charles Hatchett, alifariki kabla ya ulimwengu kukiri kwamba alikuwa amegundua kitu.

Hatchett alizaliwa jijini London mnamo Januari 2, 1765. Babake alikuwa mtengenezaji mashuhuri wa magari ya kukokotwa na farasi. Kijana huyo alijifunza kemia kwa juhudi zake mwenyewe, na mnamo 1797 akachaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society.

Mnamo 1801, akichunguza madini katika makavazi ya British Museum, alikuta jiwe jeusi, zito, lililotoka Marekani. Ndani yake alipata oksidi ya metali isiyojulikana. Novemba 26 mwaka huo aliwatangazia wanasayansi wenzake elementi mpya, akaiita kolambiamu kwa heshima ya Amerika.

Mwaka uliofuata, Anders Ekeberg wa Uswidi aligundua tantalamu. Kwa kuwa metali hizo mbili hufanana mno na hupatikana pamoja, William Wollaston, mwanakemia aliyeheshimika sana, alitangaza mnamo 1809 kwamba ni kitu kimoja. Kauli hiyo ilimpokonya Hatchett ugunduzi wake.

Mnamo 1844, Heinrich Rose wa Ujerumani alitangaza elementi aliyoiita niobiamu, kutokana na Niobe, bintiye Tantalus katika ngano za Wagiriki. Hatchett aliaga dunia Machi 10, 1847. Ni katika miaka ya 1860 ndipo ilipothibitishwa kuwa niobiamu ndiyo ile kolambiamu yake.

Katika karne ya 20, mradi wa Marekani wa SP-100, ulioanza 1983, uliteua aloi ya niobiamu yenye asilimia moja ya zirkoniamu. Zirkoniamu hufunga oksijeni ili litiamu ya moto inayopoza kinu isiitafune metali. Aloi hiyo huharibika upesi ikipashwa moto hewani, lakini angani hakuna hewa ya kuidhuru. Mradi ulisitishwa katika miaka ya 1990 kabla ya kinu chake kurushwa.

Niobiamu ipo hata katika Mlima Mrima, Kwale. Jina la Hatchett, lakini, wengi hawalijui.