Robert Wangila na Mizani ya Mahindi

Likizo ya Desemba mimi huigawa mara mbili. Siku za kwanza nashinda Kitale kwa mjomba, ambaye sisi Wabukusu humwita khocha, nikimsaidia kupukuchua mahindi na kuyatia magunia. Siku za mwisho narudi nyumbani Bungoma kwa babu. Likizo iliyopita nilirudi na swali kichwani ambalo halikuwa la mahindi hata kidogo, na ndilo lililonisukuma kuandika habari za maisha ya marehemu Robert Wangila katika jarida letu la chama cha Kiswahili.

Swali lenyewe lilizukia ghalani. Jioni kazi ikiisha, vijana hujining'iniza kwenye ile mizani ya magunia wajue uzani wao. Binamu yangu, ambaye ni bondia chipukizi, alijining'iniza, mshale ukasimama kwenye kilo 71. Ole wake! Yeye hupigana katika uzani usiozidi kilo 67, na mashindano yalikuwa yamekaribia. Alikuwa tayari ameanza kukataa chai na kukimbia akiwa amevaa karatasi za nailoni ndani ya sweta ili jasho limtoke. Mjomba akamcheka. Akamwambia aache kujitesa, apande tu uzani wa juu akapambane na wakubwa, kwa maana bondia anayechagua wapinzani ni mwoga. Basi hapo ubishi ukashika kama moto kwenye mabua makavu.

Mjomba alishikilia kwamba mabingwa wa ndondi hukwepa. Ati kila mmoja anaukalia mkanda wake kama kuku anayeatamia mayai. Akisikia kuna mtu hatari katika uzani wa jirani, mara anataka pesa zaidi, mara mgongo unamuuma, mpaka yule mtu anazeeka. Akamtaja Archie Moore wa Marekani, aliyepigana miaka mingi bila kupewa nafasi ya ubingwa mpaka Desemba 1952, akiwa ameshapita umri wa miaka 35. Alipoipata, alishinda. Sasa, mjomba akauliza, wale waliokuwa mabingwa miaka hiyo yote walikuwa wapi?

Jirani yetu mmoja, dereva wa trekta, alikuwa upande wa pili. Alisema uzani uliwekwa kwa sababu, na hakuna aibu bingwa kukaa kwake. Mfano wake hakuuchukua mbali, aliutoa hapo ng'ambo ya Mlima Elgon. John Mugabi wa Uganda, aliyepata medali ya fedha katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, alikuwa ameshinda mapambano yake yote ya kulipwa kwa nokauti, na uzani wake ulikuwa ule usiozidi kilo 69.85. Machi 1986 akapanda uzani wa kati, kilo 72.57, kumkabili Marvin Hagler. Alipiga kwelikweli, lakini Hagler hakuanguka, na katika raundi ya 11 Mugabi ndiye aliyekwenda chini. Aliporudi kwenye uzani wake, mwaka 1989, ndipo akapata ubingwa wa dunia. Kilo mbili na kitu tu, jamani! Ni uzani wa pakiti moja ya unga.

Mjomba hakukubali. Akamleta Dick Tiger wa Nigeria, aliyekuwa bingwa wa uzani wa kati kisha mwaka 1966 akapanda na kumnyang'anya José Torres ubingwa wa uzani wa juu yake. Dereva naye akamleta Sugar Ray Robinson, ambaye wengi humwona kuwa bondia bora kuliko wote waliopata kuvaa glavu. Juni 1952 Robinson alipanda kumfuata Joey Maxim mjini New York. Alikuwa akiongoza kwa alama, lakini joto la usiku ule lilikuwa kali hivi kwamba refa mwenyewe alishindwa ikabidi abadilishwe. Robinson akabaki kitini, akashindwa kuinuka kwa raundi ya 14.

Wakiwa katika hali hiyo, mzee mmoja aliyekuwa akishona magunia kimya kimya alisema kwamba Wangila hakumkwepa mtu yeyote, na kaburi lake lipo. Ubishi ukakatika. Mimi, mwanafunzi wa siku hizi, nilikuwa nimelisikia jina tu. Niliona aibu, maana Wangila ni jina letu la Kibukusu, na darasani kwangu wapo wanaoitwa hivyo.

Basi nilianza kuuliza na kusoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Robert Napunyi Wangila alizaliwa Nairobi tarehe 3 Septemba 1967. Sisi wa Bungoma tunamdai kwa damu na kwa jina, lakini ngumi alizijulia jijini. Zama hizo timu ya taifa ya ndondi ilikuwa inaogopwa Afrika nzima. Nairobi ilipokuwa mwenyeji wa Michezo ya Afrika mwaka 1987, mabondia wa Kenya walizoa dhahabu nyingi, na Wangila alikuwa mmoja wa waliopata.

Mwaka uliofuata timu ikaenda Seoul, Korea Kusini. Wangila aliingia katika uzani wa welta, yaani usiozidi kilo 67. Naam, kilo zilezile za binamu yangu. Katika nusu fainali mpinzani wake kutoka Poland, Jan Dydak, hakupanda ulingoni, kwa hiyo Wangila akafika fainali bila kutoa jasho siku hiyo. Huko alimkuta Mfaransa Laurent Boudouani, aliyekuwa amemtoa Mmarekani Kenneth Gould. Raundi ya kwanza ikapita. Katika raundi ya pili ngumi ya Wangila ikamfikia Mfaransa, naye akalala. Ilikuwa mwanzoni mwa Oktoba 1988, Wangila akiwa na umri wa miaka 21 tu.

Hebu tupime ukubwa wa jambo hilo. Kuna wanaosema alikuwa Mwafrika wa kwanza kupata dhahabu ya ndondi katika Olimpiki. Si sahihi kabisa, kwa sababu Wazungu wa Afrika Kusini walikuwa wamezipata zamani. Wangila alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza. Na kwa Kenya, mpaka michezo ya Paris ya mwaka 2024, dhahabu zetu zote za Olimpiki zimetoka kwenye riadha isipokuwa hiyo moja. Seoul tulipata dhahabu tano. Nne zililetwa na miguu, ikiwemo ya Paul Ereng, mtoto wa huku Trans Nzoia, katika mita 800. Ya tano ililetwa na ngumi. Chris Sande naye alipata shaba katika uzani wa kati, ingawa siku hizi ni wachache wanaomkumbuka.

Mwaka 1989 Wangila akaenda Marekani kupigana kwa malipo. Hapa ndipo hadithi inapobadilika, na ndipo swali la ghalani linapoingia. Ndondi za Olimpiki wakati ule zilikuwa raundi tatu, kofia ya kinga kichwani. Ndondi za kulipwa hazina kofia, na raundi huwa kumi au kumi na mbili. Katika ndondi za Olimpiki ratiba inakupa mpinzani, utake usitake. Katika ndondi za kulipwa mpinzani anatafutwa na mapromota na mameneja, wanaokaa mezani na kupiga hesabu. Aliye na mkanda ana sauti katika hesabu hiyo. Asiye nao husubiri kuitwa.

Wangila alipigana mapambano 27, akashinda 22, mengi yake kwa nokauti, na akashindwa mara tano. Si rekodi mbaya. Lakini kwa mtu aliyetoka Seoul na dhahabu, kila pambano aliloshindwa lilimsogeza mbali na meza ile. Hakupata kupigania ubingwa wa dunia. Nilipomweleza babu habari hizi alisema jambo ambalo sikulisikia Kitale. Mjomba na yule dereva walikuwa wakibishana kama bingwa hukwepa, kumbe kukwepa ni anasa ya bingwa. Bondia mwenye dhahabu ya zamani, watu wa kulisha, na mapambano matano aliyoshindwa, akipigiwa simu kwamba kuna mtu wa kupigana naye Las Vegas, atauliza nini? Atauliza siku tu.

Simu ya namna hiyo ilimpeleka kwa David Gonzalez. Walikutana Las Vegas tarehe 22 Julai 1994. Katika raundi ya tisa Wangila alikuwa akipokea makonde mengi, na refa Joe Cortez akasimamisha pambano. Wangila alilalamika. Alitaka kuendelea, aliona ameonewa. Hapa nakiri, ningekuwa pale ukumbini huenda ningempigia refa kelele, kwa sababu mtu alikuwa amesimama kwa miguu yake na anazungumza. Baada ya muda mfupi, akiwa chumba cha kubadilishia nguo, akaanguka na kupoteza fahamu. Hakuzinduka tena. Alifariki tarehe 24 Julai, akiwa na umri wa miaka 26. Mwili uliletwa nyumbani, na hata hapo hakupumzika mara moja, maana alikuwa amesilimu na kukazuka mzozo kuhusu dini ya kumzika.

Na Boudouani, yule Mfaransa aliyelazwa Seoul? Yeye alipanda uzani mmoja, ule wa kilo 69.85. Agosti 1996 alimpiga kwa nokauti Julio César Vásquez wa Argentina na kuwa bingwa wa dunia, akaukalia mkanda mpaka Machi 1999. Nilipolisoma hilo nilifunga kitabu nikaenda nje. Wangila alikuwa ameshalala kaburini miaka miwili.

Mjomba angesema hiyo ni hoja yake: Boudouani alipanda, hakuogopa, akafaulu. Ni kweli. Lakini alipanda baada ya miaka ya kujengwa polepole, na mwili wake ulikuwa umekua kuufikia uzani ule. Hakupanda kwa kuchekwa ghalani. Nadhani hapa ndipo mashabiki tunapokosea. Tunahesabu ujasiri wa bondia na kusahau kuhesabu kilo, tena kilo ni za aina mbili. Kuna za kuongezeka, zilizomshinda Mugabi. Na kuna za kupungua, ambazo hatuzioni kwa sababu zinatolewa gizani, kwa kiu na jasho. Mwalimu wetu wa baiolojia alinieleza kwamba ubongo huelea ndani ya majimaji yanayoukinga usigonge fuvu. Mtu akijikausha ili mshale wa mizani ushuke, anaingia ulingoni mwili ukiwa haujarudi katika hali yake, hata kama usiku wake amekunywa maji mtungi mzima. Sisemi hilo ndilo lililomuua Wangila. Nasema nilimfikiria binamu yangu na zile karatasi zake za nailoni.

Babu ni mtu wa maneno machache. Alikuwa mtu mzima Wangila aliposhinda, na anakumbuka watu wa Bungoma walivyojisifu sokoni kana kwamba kila mmoja alikuwa amempiga yule Mfaransa. Anakumbuka pia Julai 1994. Alisema watu walewale walianza kuuliza kwa nini refa hakusimamisha mapema, na kama angesimamisha mapema wangemwita refa mwizi. Kisha akaniagiza nimwambie mjomba kwamba anayetaka mtoto apigane na wakubwa naye apande ulingoni.

Kabla shule hazijafunguliwa nilitumwa tena Kitale kuchukua magunia mawili ya mahindi ya nyumbani. Nilipanda matatu asubuhi, tukapita Webuye, Misikhu, Kamukuywa na Kiminini, nami njia nzima najiuliza nitaufikishaje ujumbe wa babu bila kukosa adabu. Mwishowe niliufikisha kama ulivyo, nikiangalia chini. Mjomba alicheka kidogo, halafu akanyamaza. Akaniuliza Wangila alikuwa na miaka mingapi alipofariki. Nikamwambia 26. Akauliza tena, kana kwamba hakusikia.

Binamu alikuwa amefika kutoka mazoezini, midomo imemkauka. Mjomba akamwita kwenye mizani, akaishika kamba mwenyewe. Mshale ulitetemeka, ukatulia kwenye kilo 69 na nusu. Mashindano yalikuwa yamebaki siku nne. Mjomba hakusema kitu juu ya uwoga wala ujasiri. Alichukua chaki akaandika 69.5 kwenye mlango wa ghala, chini ya hesabu ya magunia, kisha akamwita mama mdogo na kumwomba alete chai, vikombe vitatu.